Magunia 1,846

Mkange,
Alhamisi, 3 Juni 1976

Mjomba Alawi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, mguu wake umepungua kuvimba, na anauliza kama zile dawa ulizompelekea bado zinapatikana. Salamu ningeziendeleza, lakini lori linaondoka saa tano na dereva amekwisha piga honi mara mbili.

Umesikia vyama vya ushirika vimevunjwa. Chetu kilifungwa Jumatatu. Mizani imechukuliwa, meza imechukuliwa, hata sindano yangu ya kushonea magunia imeingizwa kwenye orodha ya mali na kuchukuliwa, nayo niliinunua mwenyewe. Korosho sasa kijiji kitapima chenyewe, na mpimaji wamekwisha mpata. Mimi nimeambiwa nipumzike. Nina miaka ishirini na tisa, Mjomba. Nipumzike mpaka lini?

Kaka Salumu ameleta maneno kutoka Msata. Kama mpaka mwisho wa Agosti sina kazi, nihamie kwake mimi na mama, nimsaidie hotelini. Unajua kusaidia kwa Salumu kulivyo: kukanda unga kabla ya adhana ya alfajiri, kuosha vikombe vya madereva kutwa, na siku ukiomba kanga unaulizwa kama hukula. Salumu alisoma mpaka darasa la nane. Mimi nilitolewa la nne ili yeye apate viatu. Nasema tu, ijulikane.

Sasa sikiliza. Kiwanda cha chumvi cha Kitangani, huku upande wa Saadani, kinataka karani wa mizani. Tangazo limebandikwa dukani. Barua zifike si zaidi ya tarehe 30 mwezi huu, ziwe zimepigwa chapa. Hilo la kupigwa chapa ndilo linalonileta kwako na mashine yako. Naambatanisha karatasi mbili nyeupe, sahihi yangu nimeitia chini, kama tulivyofanya kwenye kesi ya shamba la marehemu baba. Moja ikiharibika, iko ya pili. Tukisema uipige, uniletee nisaini, nikurudishie, lori ni la Alhamisi kwa Alhamisi, siku zitatupita.

Barua yenyewe ni hii:

"Kwa Kerani Mkuu, Kiwanda cha Chumvi, Kitangani. Naomba kazi ya karani wa mizani. Nimesoma mpaka darasa la nne. Hesabu nyingine nimejifunza kazini, miaka minne nikishona magunia na saba nikipima. Msimu uliopita, hapa Mkange, nilipima magunia ya korosho 1,846. Ghala kuu lilirudisha matatu kwa kupungua uzito, na moja kati ya hayo lilitoboka njiani. Natumia mizani ya kuning'iniza na ya chini, na kila asubuhi huijaribu kwanza kwa jiwe ninalolijua uzito wake. Nakala za stakabadhi ninazo. Naweza kuanza siku yoyote mtakayotaja."

Namba usizipunguze, Mjomba. Ndiyo mali niliyo nayo.

Mpwa wako,
Sihaba binti Mgeni


Bagamoyo,
Ijumaa, 11 Juni 1976

Mpwa wangu Sihaba,

Marahaba, mwanangu, tena marahaba nyingi. Mwambie dada yangu dawa zipo, nitampa dereva. Huku hatujambo, ila mkaza mjomba wako Kibibi anakohoa na hataki kukiri kwamba anakohoa.

Barua yako niliisoma barazani. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Hivi ndivyo unavyoingia kwenye nyumba za watu, mwanangu? Bila hodi? Huyo Kerani ni mtu, ana mama aliyemzaa, pengine ana mtoto anayeumwa homa. Hujamuuliza hali wala kumwombea afya, umemvaa tu, "Naomba kazi." Tena mistari yote hiyo ni wewe na wewe. Nimehesabu, maana najua wewe hesabu ndizo unazozisikia: umejitaja mara kumi.

Katika mji huu, na Winde, na Mlingotini, nimeandika barua za posa themanini na tatu. Haijarudi hata moja. Kwa nini? Kwa sababu anayeomba hujishusha. Ukiandika "kijana wetu hana kitu, ni mnyonge wenu," wenye nyumba wanaelewa kwamba kitu anacho, na adabu anayo juu yake. Ukiandika "kijana wetu ana minazi mia mbili," watatuma mtu akaihesabu. Kuomba ni kuomba, uwe unaomba mke au unaomba kazi.

Basi nimeitengeneza. Jana nimeipeleka posta kwa mkono wangu mwenyewe. Nimepiga pia ya mtu mmoja wa hapa Dunda kwa kazi hiyo hiyo, maana tangazo limefika hata huku. Lakini wewe usiwe na wasiwasi. Yako imekaa kitako.

Ni mimi mjomba wako,
Alawi Sadallah


Mkange,
Alhamisi, 24 Juni 1976

Mjomba Alawi,

Shikamoo. Dawa zimefika, mama anakuombea kila sala.

"Nimeitengeneza" ni neno ninaloliogopa. Fundi wa Miono aliitengeneza baiskeli yangu, akanirudishia haina breki.

Niambie jambo moja tu, kwa ndiyo au hapana. Magunia 1,846 yamo? Na matatu yaliyorudi yamo? Kama yamo, salamu ongeza hata ukurasa mzima, mwulize Kerani hali ya kuku wake, sitagomba. Naomba nakala ya kaboni uitie kwenye lori la Alhamisi ijayo. Kama hayamo, bado siku sita, na ile karatasi ya pili unayo.

Mpwa wako,
Sihaba


Bagamoyo,
Jumatano, 30 Juni 1976

Mpwa wangu Sihaba,

Marahaba. Barua yako imenifikia leo, siku yenyewe ya mwisho, kwa hiyo hata tungetaka kubadili hatuna nafasi.

Nakala haikutoka. Karatasi ya kaboni ilikuwa imechakaa, nikaona aibu kukutumia kitu kisichosomeka. La muhimu ni kwamba yote yanayotakiwa kusemwa yamesemwa kwa lugha inayotakiwa. Umekaa sana na magunia, mwanangu, na magunia hayajibu. Watu wana namna yao.

Kibibi amekubali kwenda hospitali. Waliompeleka ni majirani, mimi nilikuwa na kazi za watu mezani.

Ni mimi mjomba wako,
Alawi


Mkange,
Alhamisi, 5 Agosti 1976

Mjomba,

Shikamoo. Jibu la Kitangani lilikuja tarehe 22 Julai. Nakunakilia lote, si refu:

"Tumepokea barua yako. Kwa kuwa mwombaji mwenyewe amekiri kwamba hajui lolote katika mizani, na kwa kuwa kazi hii ni ya mizani, hatukuweza kuendelea na ombi lako. Tunakushukuru kwa ukweli wako."

Nililisoma nikadhani bahasha zimepishana, kwamba kuna maskini mwingine aliyekiri hivyo. Jumatatu nikapanda lori la chumvi, nikaenda mwenyewe.

Kerani Mkuu ni mtu wa bara, mwembamba, anasema polepole kama anayepima maneno. Sikumpenda, lakini hakunifanyia baya lolote. Alifungua faili, akanionyesha. "Mimi mnyonge wenu, binti asiye na elimu wala ujuzi wa kutajika, nasimama mbele yenu kwa haya nyingi. Sijui lolote katika mizani ila nitakalofunzwa na hekima zenu. Mkinikataa ni haki yenu." Hapo kwenye "sijui lolote" kulikuwa na mstari wa kalamu nyekundu.

"Dada, hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Na maneno je?"

Ningejibu nini, Mjomba? Ningesema si yangu, ningekuwa nimekiri kwamba nasaini karatasi tupu, na mizani nani atampa mtu anayesaini karatasi tupu? Naye, kwa kunihurumia, akachukua barua nyingine. "Soma hii, siku nyingine ikusaidie. Barua ya kazi huandikwa hivi."

Nikasoma. Magunia 1,846. Matatu yalirudishwa. Moja lilitoboka njiani. Kila asubuhi huijaribu kwa jiwe. Chini pana sahihi ya Ramadhan Mrisho, wa Dunda, Bagamoyo. Na herufi e zote zimeruka juu ya mstari, kama zinavyoruka kwenye mashine yako tangu nikiwa mtoto.

Nilipotoka nikamkuta huyo Ramadhan kwenye mizani. Mtu mzima, kanipita miaka, mabega kama mlango wa ghala. Nikamwuliza, "Yale magunia elfu moja mia nane na arubaini na sita, uliyapima wapi?" Akanitazama. "Magunia gani, dada? Hapa mimi nina wiki mbili tu." Akacheka. Nikamwambia, "Cheka, cheka tu."

Sikuulizi kwa nini. Nimemwandikia Kerani leo, kwa kalamu yangu, mwandiko wangu. Nakala hii hapa. Mimi nakala zangu hutoka.

Sihaba

(Nakala)

"Kwa Kerani Mkuu, Kiwanda cha Chumvi, Kitangani. Barua yenye sahihi yangu iliyomo katika faili lako sikuiandika mimi. Nilisaini karatasi tupu, na kosa hilo ni langu. Barua yenye sahihi ya Ramadhan Mrisho ina namba zangu. Vitabu vya stakabadhi za msimu huo ninavyo. Gunia lililotoboka limo katika stakabadhi ya 1,102, ya tarehe 16 Desemba 1975. Mwulize Ramadhan jina la dereva aliyelibeba. Mtu anayetaja magunia ambayo hakuyapima ni mwizi, na huyo mwizi umemweka kwenye mizani. Pima magunia kumi, usitwambie uzito, kisha utupe mimi na yeye tuyapime. Nikikosea hata moja, nitarudi Mkange kwa miguu. Sihaba binti Mgeni."


Kitangani,
13 Agosti 1976

Ndugu Sihaba binti Mgeni,

Barua yako imepokelewa. Ndugu Ramadhan Mrisho ameulizwa jina la dereva na hakuweza kulitaja. Amesimamishwa kazi kuanzia leo.

Ufike Jumatatu, tarehe 23 Agosti, saa mbili asubuhi, pamoja na vitabu vyako vya stakabadhi. Magunia yatakuwa kumi kama ulivyopendekeza.

Kerani Mkuu


Bagamoyo,
Jumatatu, 16 Agosti 1976

Mpwa wangu,

Shikamoo yako safari hii siiitikii, sijioni kama mtu wa kuamkiwa. Kama ile barua kwa Kerani bado iko mkononi mwako, izuie. Najua imekwisha kwenda. Naandika hivyo hivyo.

Ramadhan si mwizi. Yeye ni mpakizi, miaka kumi na mitano anabeba magunia kwenye ghala la hapa mjini, mpaka ghala lilipofungwa kama chama chenu. Kusoma anasoma kwa kuunganisha, herufi kwa herufi, na hesabu anaijua. Alinijia siku mbili baada ya barua yako kufika. Akasema, "Mzee Alawi, niandikie kwamba nimebeba miaka kumi na mitano, na gunia likipungua kilo mbili bega langu hunambia." Nikacheka. Nikamwambia, kaa hapo, nitakuandikia kitu cha watu wenye akili. Nikaandika maneno ya barua yako. Sikumsomea. Alitia sahihi pale nilipomwonyesha kidole, akanishukuru mpaka nikaona haya.

Kwa hiyo alipokuuliza "magunia gani?" alikuwa anauliza kweli.

Utasema barua yako niliigeuza kwa ujinga wa posa. Laiti. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mwenyewe, nami nimeitumia miezi miwili. Ukweli ni kwamba niliposoma yako mara ya pili nilijua kazi utaipata. Miaka ishirini na miwili nimekaa na mashine hii, haijapita barua kama ile. Mwaka 1958 na mimi niliomba ukerani, hapa hapa mjini. Nilijinyenyekeza kurasa mbili. Alipewa aliyeandika mistari sita. Tangu hapo nawafundisha ninaowaandikia kwamba kujishusha ndiyo adabu, maana nikikubali vingine nitakuwa nimekubali kwamba nilijiangusha kwa mkono wangu. Halafu binti wa Mgeni, wa darasa la nne, ananiletea ile. Nikaona haifai mtoto wa kike wa kwetu kujisema hivyo mbele ya wanaume asiowajua. Na kuitupa nikashindwa, ilikuwa nzuri mno. Nikampa mwanamume.

Ile kaboni ilikuwa mpya. Nakala ilitoka safi. Nimeichoma.

Ramadhan alikwisha hamisha mama yake kutoka Dunda, akampeleka Kitangani, kwenye chumba cha kiwanda.

Alawi


Kitangani,
Alhamisi, 2 Septemba 1976

Mjomba,

Barua yako ilifika Mkange Alhamisi ya tarehe 19, Jumatatu yake nikaenda Kitangani. Kwa hiyo nilikuwa nimeisoma. Nakueleza hili ili usidhani lawama zote ni zako.

Kerani alipanga magunia kumi. Nikayapima yote sawasawa. La saba nikamwambia limeloa chini, alipime tena baada ya siku mbili. Alipotaka kumwita Ramadhan apime na yeye, kama nilivyoandika mwenyewe, ningeweza kusema, "Bwana, subiri, yako mambo niliyoyajua juzi." Ramadhan alikuwa amekaa nje kwenye mchanga, kafua shati. Kerani akaniuliza, "Kuna haja?" Nikasema, "Kama umeridhika." Ndivyo nilivyosema. Kama umeridhika.

Kwa hiyo kazi ninayo. Mama nitamleta katikati ya mwezi. Salumu ameniletea salamu kwamba nimekuwa mtu mkubwa, atatafuta mwosha vikombe mwingine.

Ramadhan wamempa kazi ya kupakia. Chumba amenyang'anywa, mama yake amerudi Dunda, yeye analala na wapakizi wenzake. Siku nzima yeye ndiye anayeniletea magunia kwenye mizani. Analiweka taratibu, kama anaweka mtoto, anasimama pembeni. Jana aliniambia, "Karani, hili limepungua." Nikapima. Limepungua kilo mbili. Wapakizi wakapiga makofi, "Bega la Ramadhan hilo!" Mmoja akaniambia, "Karani, rudi kwenu, mizani tumepata." Wakacheka wote, na yeye akacheka. Mimi nikaandika uzito.

Hajaniuliza chochote. Ananiamkia, Mjomba. Mtu aliyenipita miaka sita ananiamkia shikamoo kwa sababu nimekaa kwenye kiti.

Neno "mwizi" liko kwenye faili kwa mwandiko wangu. Nilimwomba Kerani anirudishie ile barua niiandike upya, akasema kilichoingia kwenye faili hakitoki, ila kinaweza kuongezewa. Basi wewe kiongezee. Mwandikie Kerani yote uliyoniandikia mimi, utie sahihi yako. Usinyenyekee kurasa mbili. Na kama Kerani ataona kazi arudishiwe Ramadhan, na arudishiwe. Nimelipima hilo.

Mfungo huu nafunga, na sijui kama Mungu ananihesabia.

Sihaba


Bagamoyo,
Jumatatu, 6 Septemba 1976

Kwa Kerani Mkuu, Kiwanda cha Chumvi, Kitangani.

Mwezi Juni nilipiga chapa barua mbili za kuomba kazi kwako. Ya Sihaba binti Mgeni niliandika maneno yangu juu ya sahihi yake, bila yeye kujua. Ya Ramadhan Mrisho niliandika namba za Sihaba, bila yeye kujua. Aliyoniomba nimwandikie ni haya: amebeba magunia miaka kumi na mitano katika ghala la Bagamoyo, na anajua gunia lililopungua kabla halijafika kwenye mizani. Msimamizi wake wa zamani yuko hapa mjini na atathibitisha.

Ramadhan hakuiba kitu. Neno hilo lifutwe. Aliyedanganya ni mimi, na nitakuja kusema hivyo mbele yako siku utakayoniita.

Alawi Sadallah


Kitangani,
Alhamisi, 23 Septemba 1976

Mjomba Alawi,

Shikamoo. Uniitikie au usiniitikie, nimekuamkia.

Unangoja kuitwa na Kerani na huitwi. Utadhani amekudharau. Nakuandikia ujue.

Malori yote yakiingia husimama kwangu kwanza, na begi la barua hushushwa kwangu, mimi ndiye ninayepeleka ofisini. Bahasha yako ilifika Alhamisi, tarehe 9. Niliijua kabla sijaishika. Anwani umeipiga kwa mashine, na e zinaruka. Nikawaza, kwanza nimalize hili lori. Nikaiweka kwenye mtoto wa meza, chini ya kitabu cha mizani. Lori likaisha, likaja jingine. Saa kumi Kerani alikuwa ameondoka. Ijumaa ni Ijumaa. Jumamosi nikasema Jumatatu. Jumatatu hiyo ndiyo mama alipofika na mikeka yake na kuku wawili. Akaingia chumbani, akashika ukuta, akasema, "Sihaba, hapa ni petu?" Nikasema ni petu.

Uliyoandika humo nilikuwa nayajua bila kufungua. Niliyataka mwenyewe. Nilikwambia nimelipima hilo. Nilikuwa nimelipima kwenye karatasi, Mjomba, bahasha haijafika. Ilipofika mkononi ikawa nzito kuliko nilivyoandika.

Kila Ramadhan alipoweka gunia, bahasha ilikuwa kwenye mtoto wa meza, juu ya mapaja yangu. Siku moja aliniambia, "Karani, una homa? Kwa mfungo huu pumzika, nitakusomea mimi namba, wewe uandike." Akanisomea. Hakukosea hata moja. Jioni yake nikaitoa bahasha, nikaenda nayo mpaka mlangoni pa Kerani. Nikarudi.

Ijumaa, tarehe 17, Ramadhan alikuja kuniaga. Amepata mtu wa kumpeleka Tanga, kwenye katani. Akasema, "Hapa watu wananiita jina ambalo mama yangu akilisikia atalia." Hakunitazama aliposema hivyo, nami sijui kama anajua jina hilo lilitoka kwa nani. Nikamwambia, "Kwaheri, Ramadhan. Mungu akupe." Bahasha ilikuwa kwenye mtoto wa meza, Mjomba. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza.

Jumamosi nikaipeleka.

Kerani aliisoma akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena. Akasema, "Mwiteni Ramadhan." Wakamwambia ameondoka jana na lori la saa moja, anwani hakuacha. Akachukua ile barua yangu ya Agosti, kwenye neno lile akapiga mstari mwekundu, pembeni akaandika "si kweli." Akazibana pamoja, yangu na yako. Akasema angekuwapo angempa mizani ya pili, ile ya bohari jipya, maana nafasi imetoka wiki hii na alikuwa bado hajapata mtu. Nafasi zilikuwa mbili. Hakuna aliyetaka kuninyang'anya kitu.

Kisha akaitazama bahasha. "Hii ina tarehe sita. Leo ni kumi na nane. Siku kumi na mbili ilikuwa wapi?"

Nilikuwa nimefunga. Siku tatu ilikuwa njiani na siku tisa ilikuwa kwangu. Kumi na mbili kamili, nilikuwa na hesabu yote.

Nikasema, "Malori, bwana. Yamechelewa."

Kitabu cha malori kiko mezani kwake, angekifungua angeona. Hakukifungua. Alinitazama kwa huruma, kama ile siku aliponionyesha barua ya kazi inavyoandikwa. Akasema, "Ukisema wewe, Sihaba, sina haja ya kuhakikisha." Akafunga faili.

Nenda Dunda kwa mama yake Ramadhan. Nenda kwa miguu yako, usimwandikie. Mwambie mizani ya pili inamngoja mwanawe mpaka mwisho wa Oktoba, na jina lile limefutwa. Akikuuliza nani aliyemwita hivyo, nitaje. Akikuuliza barua yako ilichelewa wapi, mimi sijui utamjibu nini. Kerani nimemjibu, na tangu siku ile kila jioni ananirudishia kitabu cha mizani bila kukifungua.

Mpwa wako,
Sihaba